Verdiane na Vyombo vya Kirolirwe

Ukitaka kumuudhi Verdiane Nyiransabimana, mwite mfagiaji. Kufagia alifagia, tena miaka mitatu mizima, na hakuwahi kuona aibu juu ya kazi hiyo. Lakini kuna watu katika barabara ile ambao hata baadaye, alipokuwa mwuzaji wa duka zima, waliendelea kusema "yule mama wa ufagio". Hao aliwajua mmoja mmoja kwa majina, na akikutana nao njiani aliwasalimu kwa sauti ya kanisani, ile sauti ambayo ukiisikia unajua kwamba hujasamehewa.

Duka lenyewe lilikuwa kwenye kona, juu kidogo ya Sake, pale barabara inapoanza kupanda kwenda kwenye nyanda za ng'ombe. Wazungu waliokuja kutalii, miaka ile ya baada ya vita, walisimamisha motokari zao pale kwa sababu injini zilikuwa zimechemka na kwa sababu ziwa lote lilionekana chini. Mwenye duka alikuwa Monsieur Gustave, mzee mfupi mwenye goti bovu, ambaye alikuwa amelima pareto mpaka pareto ikamshinda. Aliona watu wanasimama, akasema watu wanaosimama ni watu wanaonunua. Akajenga nyumba ya mbao yenye baraza. Upande mmoja aliuza kahawa, upande mwingine vitu vya ukumbusho: vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka, mikeka na matenga ya fito kutoka Kibua, yaliyopakiwa kwenye malori pale Kashebere, na mikuki midogo ambayo isingemtisha hata panya. Na juu ya rafu, mahali pa heshima, paliwekwa vyombo vya maziwa.

Hivyo vyombo ndivyo vilivyowasimamisha wageni. Vilichongwa na wafugaji wa Kirolirwe, kila kimoja kutoka katika gogo moja bila kiungo, shingo nyembamba, tumbo la mviringo, na weusi wa moshi unaong'aa. Wenyewe waliviita ibyansi. Walivichonga kwa ajili ya maziwa na si kwa ajili ya watalii, lakini mtu akiwa na mikono mizuri na watoto wanaotaka karo, huchonga na vya kuuza.

Verdiane hakuwa mtu wa ng'ombe. Baba yake, mzee Nzabandora, alilima maharagwe na mahindi kwenye mteremko mkali hivi kwamba majirani walimtania kwamba hupanda mbegu kwa kuzirusha. Masista wa misheni walimfundisha Verdiane kusoma, kushona na Kifaransa cha kutosha kusali na kujibu. Aliolewa na Théoneste Hakorimana, kijana wa kikosi cha barabara, na mwaka 1950 akapata kazi ya kufagia kwa Gustave. Kazi ya kuuza ilikuwa ya karani Édouard, aliyetoka Goma na tai yake na mafuta yake ya nywele.

Siku moja mgeni wa kike alishika chombo cha maziwa akauliza ni nani aliyekitengeneza. Édouard akajibu kwamba ni watu wa huko porini. Verdiane alikuwa amepiga magoti na kitambaa cha sakafu. Huenda ingekuwa busara anyamaze, lakini busara ya namna hiyo hakujaliwa. Akasema kwa Kifaransa chake cha masista kwamba si watu wa porini, ni Rukara wa Kirolirwe, mume wa Kanyange, na ukitaka kujua mkono wake tazama chini ya shingo, huacha mstari mmoja mwembamba unaozunguka bila kukatika. Mgeni akatazama. Mstari ulikuwapo. Akanunua viwili, na kabla ya kuondoka akamwomba Verdiane alitaje tena jina la Rukara polepole, aliandike.

Gustave alikuwa barazani na kahawa yake, na masikio yake hayakuwa mabovu kama goti lake. Édouard alipopata kazi nzuri zaidi mjini mwaka 1953, Gustave hakuleta karani mwingine. Alimwambia Verdiane avue aproni. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mwanamke alisimama nyuma ya meza ya duka katika barabara ile, na mama mkwe wake akakaa wiki mbili bila kusema naye, akingoja dunia iishe. Dunia haikuisha. Wiki ya tatu mama mkwe alikuja dukani kuangalia, amevaa kitambaa chake cha Jumapili.

Basi kazi yake aliifanya kwa namna yake. Kila kitu alikiuza pamoja na mtu aliyekitengeneza. Hili tenga ni la mama fulani wa Kibua, hushona ukingo mara mbili kwa sababu mumewe alikuwa akilalamika. Huu mkeka umetengenezwa na bibi mwenye jicho moja, na hebu angalia kama utaona kosa. Wageni walicheka, walisikiliza, walinunua. Watengenezaji nao walijua kwamba majina yao yanatajwa mbele ya watu, wakaleta kazi bora, maana hakuna anayetaka jina lake litajwe juu ya kitu kibaya. Verdiane alianza kutembea kama mtu mwenye duka. Alianza pia kusema, mara nyingi kuliko ilivyopendeza, kwamba hakuna kitu katika rafu zile asichokijua.

Hapo ndipo mtu hujikwaa.

Kiangazi cha mwaka 1956 kilikuwa na vumbi kuliko viangazi vingine. Malori ya Walikale yalipita mfululizo, na kila lililopita lilimwaga vumbi jekundu dukani. Vyombo vya maziwa vilijaa vumbi tumboni, na kuvisafisha ni kazi, kwa sababu mkono hauingii shingoni. Verdiane akafanya kama mama yake alivyofanya jikoni na vyungu vya maharagwe: akavigeuza vyote kifudifudi, mdomo chini, zaidi ya ishirini, vingine sakafuni penye mkeka safi. Akarudi nyuma akatazama. Aliona kazi nzuri.

Jumamosi ile Kanyange, mke wa Rukara, alishuka kutoka Kirolirwe na vyombo vitatu vipya kichwani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo, na katika miaka ile yote hakuwahi kukosa kuuliza habari za nyumbani kabla ya jambo lingine lolote. Alifika mlangoni. Akatazama ndani. Hakusalimu, hakuingia, hakutua mzigo. Aligeuka akaondoka, na kabla hajafika kwenye kona alikuwa anakimbia.

Verdiane alitoka akamwita. Wapi. Alidhani labda tumbo limemuuma.

Wiki ya pili hakuja mtu kutoka Kirolirwe. Wiki ya tatu hakuja mtu. Vyombo vilivyokuwapo viliuzwa kimoja kimoja mpaka rafu ya juu ikabaki mbao tupu. Gustave alituma ujumbe kwamba ataongeza bei, na ujumbe ukarudi bila jibu. Akamwita Verdiane barazani.

"Sikiliza muzuri," alisema kwa Kiswahili chake kigumu. "Wiki ingine basi ya batouristes inatoka Bukavu, bantu makumi tatu. Wanakuya juu ya vyombo ya maziwa. Kama hakuna, mimi naleta vinyago ya Goma, na karani yake naye. Weye unarudia ku ufagio."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia kwamba mvua itanyesha, na hilo lilimuuma Verdiane zaidi ya matusi. Alirudi nyuma ya meza akashika ukingo wake kwa mikono miwili. Miaka mitatu aliyosimama pale ilionekana kwake ghafla kama kitu cha kuazima.

Aliyemfumbua macho ni Nyiramahoro, mama mzee aliyepita na maziwa kila asubuhi kuwapelekea wapishi wa barazani. Verdiane alimlalamikia kwamba watu wa Kirolirwe wana kiburi, wamekataa hata bei nzuri. Nyiramahoro aliweka chini kata yake.

"Verdiane, mutoto yangu, haiko bei. Ku duka yako kulikuwa kilio."

"Kilio gani, Mama? Hakuna muntu alikufa hapa."

"Uliweka vyombo mudomo chini. Kwetu njo vile wanafanyaka wakati mwenye ngombe amekufa. Wanageuza vyombo yake yote, juu hakuna tena wa kunywa. Kanyange alikuya na kazi ya bwana yake ku kichwa, akakuta kazi yote ya bwana yake imegeuzwa. Wewe ungewaza nini?"

Verdiane alihisi damu inapanda mpaka masikioni. Yeye, ambaye alimjua Rukara kwa mstari mmoja chini ya shingo ya chombo, hakujua jambo ambalo kila mtoto wa mfugaji analijua kabla ya kuota meno. Na katika wiki tatu zile hakumwuliza mtu yeyote, kwa sababu mtu anayejua kila kitu atauliza nini? Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na duka.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alimwachia Théoneste watoto na chungu cha maharagwe, akapanda kwenda Kirolirwe kwa miguu. Théoneste alitaka kumsindikiza. "Kosa ni yangu," alimwambia, "miguu nayo itakuwa yangu." Alibeba kibuyu cha pombe ya mtama, maana huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Njia inapanda, inashuka, inapanda tena kwa hasira, na upepo wa juu ule hauna adabu. Alifika jua limeanza kuegemea, nguo yake nzuri imejaa vumbi mpaka magotini.

Kanyange alikuwa nje ya ua, anaosha vyombo vya maziwa. Alimwona, akaendelea kuosha.

"Jambo, Mama Kanyange."

"Jambo."

"Nimekuya kuomba pardon. Niligeuza vyombo ya Papa Rukara mudomo chini."

"Ulifanya vile juu ya nini?"

"Juu ya vumbi. Kwetu mama yangu anawekaka nyungu vile, panya isiingie."

Kanyange alisimama, maji yanamtiririka mikononi. "Nyungu ya maharage na chombo ya maziwa, iko kitu moja?"

"Sikujua, Mama."

"Na kila siku unasemaka unajua yote." Alijipangusa mikono kwenye nguo. "Verdiane, nilitoka hapa asubuhi, nikaacha Rukara anatengeneza lupango, hii ua ya ngombe. Kufika kwako naona vyombo yake yote imelala. Niliwaza habari imenipita mu njia, wewe umeshaipata, mimi bado. Nilikimbia. Niko na miaka makumi ine na tano, nilikimbia kutoka Sake mpaka hapa, ile vyombo tatu nikaitupa mu njia. Nilimukuta anatengeneza lupango ile ile. Akaniuliza, 'Umerudi mbio sababu gani?' Nikakaa chini nikalia. Nani tena angeleta kazi yake ku nyumba yenye inageuza vyombo ya muntu muzima?"

Verdiane naye akalia, na sitasema kwamba alilia kidogo. Alilia kwa aibu, na kwa ajili ya mwanamke huyu aliyepanda milima yote ile mbio akiwa mjane moyoni mwake. Alipiga magoti pale pale penye matope ya maji ya kuoshea. Akachukua chombo kilichokuwa karibu akaanza kukiosha.

"Haioshewake vile," Kanyange alisema. "Lete."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Verdiane aliinama jioni yote. Alifundishwa kusugua tumbo la chombo kwa majani ya kukwaruza, kusuuza, kisha kukifukiza kwa moshi wa nyasi fulani za mlimani, moshi uingie ndani utulie, ndipo maziwa yapate ile harufu yake. Alifundishwa kwamba hakikai chini, hukaa juu, mdomo juu, na kifuniko chake. Rukara alirudi na ng'ombe, akamkuta mgeni ana masizi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama, akaonja pombe ya kibuyu, akasema mtama wa kwao si mbaya. Verdiane alilala kwao usiku ule.

Asubuhi Rukara alitoa vyombo saba. Kanyange aliweka mkono juu ya kile cha kwanza kabla Verdiane hajakipokea.

"Tutakupa, na bengine batakuya nyuma yetu. Lakini usiuzishe kwa muntu mwenye ataigeuza. Haitobolewe, haifanywe kitu ya majivu ya sigara. Muntu anaweza kuipeleka Ulaya, hakuna kinyongo. Ikae tu mudomo juu."

"Sitauzisha kwa muntu wa vile."

"Hata Bwana Gustave akikasirika?"

Bwana wake alikuwa tayari na ufagio na karani. "Hata akikasirika," Verdiane alisema.

Walishuka pamoja, Kanyange na wifi yake wakimsaidia kubeba, na siku ya Alhamisi basi lilipokuja rafu ya juu ilikuwa imejaa: vyombo saba, wima, kila kimoja na kifuniko chake. Gustave alitembea mbele ya rafu mara mbili akisahau kuchechemea. Watalii thelathini walishuka wakijipangusa vumbi, wakapiga picha ziwa, wakaja dukani. Verdiane alikuwa amevaa kitambaa kipya. Aliuza mikeka, aliuza matenga, kila kimoja na mtu wake.

Kisha akaja bwana mmoja mnene mwenye kofia nyeupe, mwenye hoteli huko Bukavu. Alitazama vyombo vya maziwa akapiga mluzi. Alisema kwa Kifaransa kwamba anavichukua vyote saba, bila kuulizia bei. Verdiane alikuwa ameshanyoosha mkono kushusha cha kwanza, yule bwana alipoendelea kumweleza mkewe: watatoboa tundu chini, wapitishe waya, wavigeuze, navyo vitakuwa taa za kuning'inia katika chumba cha kulia.

Mkono wa Verdiane ulirudi ukatulia mezani. Alimwambia kwa heshima kwamba anasikitika, kwa taa haviuzwi. Yule bwana alicheka, akidhani ni mbinu ya kupandisha bei, akataja bei kubwa. Verdiane akasema tena kwamba haviuzwi, akaeleza kwa nini, akamtaja Rukara, akamtaja Kanyange. Bwana mwenye kofia hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anamwita Gustave.

Gustave alikuja akichechemea, akasikia habari yote, uso ukawa mwekundu. Hakumtazama Verdiane. Alipita nyuma ya meza, mahali ambapo hakuwa amesimama kwa miaka mitatu, akashusha chombo cha kwanza, akaondoa kifuniko, akakigeuza kumwonyesha mteja mahali pa kutoboa.

Verdiane alikichukua mikononi mwake.

Hebu fikiri ilikuwa mwaka gani, na nani alikuwa nani, ndipo ujue kitendo kile kilikuwa na uzito gani. Alikigeuza, akakirudisha rafuni mdomo juu, akakifunika. Kifuniko kilikaa sawa. Kisha alimwambia Gustave kwa Kiswahili, polepole, ili kila neno lifike.

"Bwana, wenyewe waliniambia haigeuzwe, na mimi niliitika. Njo sababu iko hapa leo. Leo unauzisha saba. Kesho Kirolirwe haitaleta hata moja, wala mwaka ingine. Karani yako atauzisha mbao ya rafu. Mimi ukitaka kunifukuza, nifukuze. Lakini nikiwa hapa, hii haitoke vile."

Gustave alimtazama. Alitazama rafu, mbao ile aliyokuwa ameiona tupu, asiweze kuijaza kwa bei yoyote aliyotaja. Bwana mwenye kofia alisema kwa sauti kubwa kwamba hajaona duka ambalo mtumishi anamwamuru bwana wake, na kwamba anangoja jibu kutoka kwa mwenye mali.

Gustave alitoka nyuma ya meza. Goti lilimpa taabu, akashika ukingo wa meza mpaka akafika upande wa wateja, akasimama pale pamoja nao kama mtu aliyekuja kununua.

"Unauliza mtu asiyehusika, Monsieur," alisema kwa Kifaransa. "Mwuzaji ni yeye."

Verdiane hakumshukuru. Wengi walimlaumu kwa hilo baadaye, hata mama mkwe wake, ambaye wakati huo alikuwa anamsifu kwa kila mtu. Lakini mtu hushukuru kwa alichopewa, na pale alipokuwa amesimama hapakuwa pa kupewa tena. Alinyoosha kitambaa chake begani, akamgeukia bwana wa hoteli, akamwambia kwa Kifaransa safi cha masista kwamba kama shida yake ni taa, huko Goma kuna maduka mazuri ya taa. Kisha akamwonyesha vikapu.